Aliyejeruhika Nafsi Anapobisha Hodi Msikitini

(Hii ni mada iliyowasilishwa na mwalimu wa madrasa katika semina ya siku moja ya maimamu, walimu wa madrasa na wajumbe wa kamati za zaka na mayatima, iliyofanyika msikitini mjini Zanzibar. Tunaichapisha kama alivyoitoa.)



  



Barua iliyoniita hapa ilinitaka nizungumze juu ya "huduma za ustawi wa jamii zinazozingatia kiwewe". Niliisoma mara mbili, kisha nikamuuliza aliyeileta kama hakukosea nyumba. Mimi ni mwalimu wa nahau na tajwidi. Nilichokisoma huko ng'ambo, kwa lugha ya Kiarabu, ni fiqhi na usuli yake, wala sikupata kukaa darasani kwa daktari wa maradhi ya nafsi hata siku moja. Ndugu yule akanijibu: "Maalim, afisa wa ustawi tutamwita siku nyengine atueleze ya ofisini kwake. Wewe tueleze ya hapa, maana watu hawaanzi kwake. Wanaanza kwetu."

Alisema kweli. Mjane aliyefiwa juzi hajui ofisi ya ustawi iko wapi. Anaijua kamati ya zaka. Mtoto aliyepoteza baba huletwa madrasa hata mwezi haujesha. Mke aliyepigwa hukimbilia kwa imamu, au kwa mke wa imamu. Kijana anayeamka usiku akipiga kelele hupelekwa kwa shekhe asomewe. Sisi, tupende tusipende, ni ofisi ya kwanza ya ustawi wa jamii katika mtaa, na ofisi hii haina mafunzo, haina faili linalofungwa, na aghalabu haina hata mlango.

Tuanze na neno lenyewe. Katika mazungumzo ya kawaida tunasema fulani kaingiwa na kiwewe, tukikusudia kuwa amebabaika kwa muda. Wataalamu wamelichukua neno hili wakalipa maana nzito zaidi: jeraha linalobaki ndani ya nafsi baada ya tukio la kutisha, kama kuzama kwa chombo, moto, kunajisiwa, kupigwa kila siku, kushuhudia mtu akiuawa, au kufiwa ghafla. Waarabu huliita sadma, na asili ya neno hilo ni kugongana kwa vitu viwili vigumu. Madaktari wa Marekani waliyaingiza rasmi maradhi yanayotokana na jeraha hili katika orodha yao mwaka 1980, baada ya kuwaona kwa miaka mingi askari waliorejea kutoka vita vya Vietnam wakiwa wazima wa viungo na hawana usingizi.

Wanatufahamisha kuwa Mwenyezi Mungu ameuwekea mwili mlinzi. Hatari ikikaribia, moyo huenda mbio, pumzi hubana, misuli hukaza, na ile akili ya kupima mambo hukaa kando kwa muda ili mtu apigane, akimbie au agande pale alipo. Hiyo ni neema. Tatizo huja pale hatari inapokwisha na mlinzi yule akakataa kulala. Sauti, harufu au sura inayofanana na ya siku ile humwamsha tena, na mtu akawa yumo ndani ya tukio lile lile ijapokuwa mwili wake umekaa mbele yenu juu ya mkeka. Utamwona anashituka kwa jambo dogo, anasahau alichokwisha kukihifadhi, anaghadhibika bila ya sababu mnayoiona, anaikwepa njia fulani. Au kinyume chake, anakuwa kama gogo, unamwita na hasikii. Hali zote hizo sisi walimu tumekwisha kuzipa majina: uvivu, ujeuri, utovu wa adabu.

Si kila aliyepatwa na msiba hubaki na jeraha hili. Wengi hupona kwa rehema za Allah wakipata watu wa kuwashika mkono. Na hapo ndipo ilipo kazi yetu, kwa sababu namna mtu anavyopokewa baada ya tukio huwa ni sehemu ya dawa, au huwa ni sehemu ya maradhi.

Neno hili sadma si geni kwetu. Limo katika hadithi mashuhuri aliyoipokea Anas bin Malik (R.A.), nayo imo katika Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyekuwa akilia kaburini. Makhatibu wengi tunaishika sehemu yake ya mwisho, ile inayofundisha kuwa subira hujulikana mwanzoni pale pigo linapotua, tukaitumia kuwanyamazisha waliao. Nakuombeni leo tuitazame hadithi hii tangu mwanzo wake. Mtume (S.A.W.) alimpitia mwanamke yule, akamnasihi amche Mwenyezi Mungu na asubiri. Mwanamke, kwa kutomjua, akamjibu kwa ukali aondoke mbele yake, kwani yeye hakufikwa na kilichomfika. Mtume hakurudia kauli yake, hakujitambulisha, hakumwita mtu aje amtoe. Aliondoka. Baadaye mwanamke akaambiwa aliyekuwa akisema naye ni nani, akaenda nyumbani kwake, na hapo msimulizi akataja jambo ambalo tunalipita mbio kila mara: hakukuta mabawabu mlangoni. Kwa nini Anas alione hilo kuwa la kutajwa? Kwa sababu mwanamke aliyefiwa, aliyekwisha kumjibu vibaya kiongozi wa umma, aliweza kufika mpaka kwake bila ya mtu kumsimamisha na kumuuliza anataka nini. Hapo ndipo yakazungumzwa tena maneno ya subira, naye yumo katika hali ya kuweza kuyasikia.

Ndugu zangu, sikuja hapa kukuhadithieni makosa ya watu wengine. Nina langu.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama katika mkondo wa Nungwi ikiwa njiani kwenda Pemba, imejaa kupita kiasi. Waliookolewa walizidi 600. Maiti zilizopatikana zilikuwa 203, na tume iliyoundwa kuchunguza ilitaja jumla ya waliofariki na waliopotea kuwa watu 1,573. Ni wachache katika mji huu ambao hawakuguswa na msiba ule. Wakati huo nilikuwa na umri wa miaka 24, sijasafiri bado kwa masomo, na nilikuwa nikisomesha watoto katika chuo kimoja nje ya mji.

Miezi michache baadaye bibi mmoja aliniletea mjukuu wake, mtoto wa miaka tisa hivi. Aliniambia jina lake na kwamba alikuwa amekwisha kuhifadhi Juzuu Amma. Mimi nilimpima, nikakuta hata sura fupi zinamkatika. Nikasema huyu ni mvivu na bibi yake anamdekeza. Nilimpiga, Allah anisamehe, si mara moja. Kila nilipozidisha bakora, hifdhi yake ilizidi kupotea, na mimi nikazidi kupata hoja ya kumpiga.

Kisha masika yakaingia. Alasiri moja mvua kubwa ikashuka juu ya mabati, na upepo nao, watoto wakapiga kelele kama ilivyo ada yao. Yule mtoto akaingia chini ya bao la kuandikia, akalishika kwa mikono yote miwili, na akajikojolea. Wenzake wakacheka. Nami nikamtoa kwa nguvu, nikamchapa kwa kulinajisi jamvi.

Usiku ule bibi yake alikuja kwangu baada ya Isha. Hakuja kwa ugomvi. Alisimama barazani akasema: "Maalim, mwanangu, mimi nilidhani unajua." Nikauliza najua nini. Akanieleza kuwa mtoto yule alikuwemo melini pamoja na mama yake na dada yake mdogo, kwamba alikaa majini mpaka asubuhi ameshikilia godoro, na kwamba waliotoka hai katika watu watatu wale ni yeye peke yake.

Sikuwa na la kusema. Nilikuwa na mtoto yule kwa muda wa miezi mitatu, nikijua ametoka upande gani na amekuja lini, na sikuuliza. Bibi naye hakusema, kwa kuwa hakuna mahali katika kumwandikisha mtoto chuoni palipompa nafasi ya kusema. Mtoto hakurudi tena. Miaka ilipita, nikasafiri, nikasoma, nikarejea na shahada, na siku moja nikaambiwa yuko wapi. Ni fundi wa kujenga, anafanya kazi upande wa shamba. Nilimwendea kumtaka msamaha. Akacheka kidogo akasema: "Maalim, hayo yamepita." Lakini muda wote niliokaa naye yeye alikuwa amesimama, karibu na mlango.

Nayaeleza haya kwa sababu wengine wenu mtakaposikia kuwa elimu hii ya kiwewe imetoka kwa watu wa Magharibi mtasema kuwa sisi tunayo yote katika dini yetu. Ni kweli misingi tunayo. Lakini laiti ningalikuwa ninayo mkononi, nisingalimpiga mtoto yule. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 322 Hijria, sawa na 934 Miladia, aliandika kitabu kizima juu ya maslahi ya miili na nafsi, akapambanua khofu, huzuni, ghadhabu na wasiwasi, na akashauri kwamba mtu ajiwekee akiba ya fikra njema kabla ya shida kama anavyojiwekea akiba ya dawa ndani ya nyumba. Kitabu hicho ni chetu, kimeandikwa kwa Kiarabu, na katika miaka yote niliyosoma kwa Kiarabu sikukisikia kikitajwa. Nilikijua baada ya kurejea.

Na nini zaidi ya kisa cha Bibi Khadija (R.A.)? Mtume (S.A.W.) alirejea kutoka pango la Hira moyo wake ukitetema, akaomba afunikwe. Wakamfunika mpaka khofu ikamwondoka. Angalieni mpango wa mambo. Nguo na joto ndivyo vilivyotangulia, na maswali hayakuwapo. Khofu ilipoondoka ndipo alipoeleza mwenyewe yaliyomkuta. Khadija akamliwaza kwa kumtajia wema wake anaoujua, jinsi anavyounga udugu na kumsaidia dhaifu. Kisha, kwa kuwa jambo lenyewe lilizidi ujuzi wake, akampeleka kwa mwenye elimu nalo, Waraqa bin Nawfal. Kamati zetu huanza kwa maswali, na wakati mwengine hatufiki hata kwenye hilo shuka.

Sasa tutazame yanayofanywa katika huduma za leo. Mwaka 2001 wataalamu wawili wa Marekani, Maxine Harris na Roger Fallot, walitoa kitabu kuwataka wenye kuendesha huduma waipange huduma nzima, tangu mlangoni, kwa kuchukulia kuwa yeyote anayeingia huenda amejeruhika. Mwaka 2014 idara ya serikali yao inayoshughulikia afya ya akili ikayaweka hayo katika misingi: mtu awe salama na ajione yuko salama, aambiwe ukweli na atimiziwe ahadi, asaidiwe pia na waliopitia kama yake, ashirikishwe, apewe khiari, na utamaduni wake uheshimiwe. Wana msemo wao kwamba badala ya kujiuliza mtu huyu ana kasoro gani, jiulize amepatwa na nini. Mimi naongeza neno moja: jiulize moyoni. Si swali la kumtupia mtu usoni. Mwenye jeraha halazimishwi kulifunua ili sisi tuamini kuwa lipo.

Hapa kwetu ilikuwa mtoto aliyenajisiwa hupelekwa kwa sheha akaeleza, akaenda polisi akaeleza akapewa PF3, akaenda hospitali akaeleza, akarudishwa polisi na karatasi akaeleza tena, kisha mahakamani mbele ya umati. Mara tano, na kila mara kwa mtu mgeni. Mwaka 2011 kikafunguliwa katika hospitali ya Mnazi Mmoja kituo cha Mkono kwa Mkono, ambamo daktari, askari na mshauri wanamkuta mtoto mahali pamoja, na baadaye vikaongezwa vyengine Unguja na Pemba. Faida yake kubwa si jengo. Ni kumpunguzia mtoto idadi ya mara anazorudishwa ndani ya tukio. Kila mmoja wenu akijue kituo kilicho karibu naye, na aijue namba 116 ya kusaidia watoto, ambayo hupigwa bila ya malipo.

Wala mtu asidhani kuwa jambo hili ni la watu wachache. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa Tanzania mwaka 2009, ripoti yake ikatolewa 2011, ulionesha kuwa kwa upande wa Bara karibu wasichana 3 katika kila 10, na takriban mvulana 1 katika kila 7, walifanyiwa ukatili wa kijinsia kabla ya kutimiza miaka 18. Waliopigwa, wa kike na wa kiume, walikaribia robo tatu, na miongoni mwa waliotajwa kuwa wapigaji, walimu wamo. Wasichana waliofanyiwa ukatili wa kijinsia na wakamwambia mtu yeyote walikuwa takriban nusu tu. Nusu nyengine wamekaa mbele yetu kwenye jamvi na hawakusema.

Na hapa lazima niseme jambo ambalo halitawafurahisha baadhi yetu. Tunalipenda sana neno sitara, na tunalitumia pahala sipo. Anayestahiki kusitiriwa ni aliyeumizwa. Mzee anapowakusanya jamaa wa pande mbili ili jambo la mtoto aliyenajisiwa "limalizwe kifamilia", kwa kikao, chai na msamaha, anamsitiri mhalifu, na mtoto anaendelea kumwona mtu yule kila siku katika njia ya kwenda chuoni. Akiwa mhalifu huyo ni mwalimu mwenzetu, basi wajibu wa kumpeleka mbele ya sheria unazidi. Haupungui.

Nirudi kwenye kamati. Nimekaa katika kamati ya zaka miaka minne na nasema ninayoyajua. Huwa tunakaa watu saba upande mmoja wa meza, na mama husimamishwa upande wa pili. Fomu yetu ina mstari wa "sababu ya kifo". Niliwauliza wenzangu mstari huu unatusaidia nini katika kugawa mchele. Hakuna aliyejua wala aliyekumbuka nani aliuweka. Lakini kwa ajili ya mstari ule tumewauliza wajane, mbele ya wanaume saba, mume alikufaje, alipatikana wapi, alikuwa katika hali gani. Mama mmoja alijibu maswali yote kwa utulivu mkubwa, tukamsifu kwa subira yake. Kisha alipotoka nje hakuweza kukumbuka njia ya kwenda kwao, akapelekwa na mtoto wa jirani. Ile haikuwa subira. Alikuwa ameganda.

Tunachohitaji kukijua ni idadi ya watoto, anapokaa, deni lililopo na haja iliyopo. Hayo wanaweza kuyauliza watu wawili, mmoja wao mwanamke, hali ya kuwa wamekaa wote. Mwulizeni anapenda kukaa wapi. Wengine hawawezi kukaa na mlango nyuma ya migongo yao. Mwambieni mapema mtamuuliza nini na kwamba anaweza kutojibu. Na mkisema Jumamosi, iwe Jumamosi. Kwa mtu ambaye dunia yake ilipinduka kwa usiku mmoja, "njoo kesho" inayozaa "njoo kesho" nyengine si uchelewaji wa kawaida. Ni ushahidi mpya kwamba hakuna kinachoaminika.

Picha nazo. Kila Ramadhani tunawapanga mayatima mstari, kila mmoja na mfuko wake wa unga, tunawapiga picha ili wafadhili waone. Najua wafadhili wanataka ushahidi. Wapewe hesabu na risiti. Aprili 2023 vita vilipozuka Khartoum, vijana wetu waliokuwa wakisoma huko walirejeshwa nyumbani. Msikiti mmoja ulimsimamisha kijana mmoja baada ya Swala ya Ijumaa awasimulie watu aliyoyaona. Alizungumza kama dakika tatu, akanyamaza, kipaza sauti kimo mkononi. Mtu mmoja safu ya mbele akapiga takbir kumtia moyo aendelee. Kijana yule sasa huswali Ijumaa misikiti ya mbali.

Ama suala la majini. Mimi si mwenye kukanusha majini wala ruqya, zote zimethibiti. Lakini ruqya iliyokuja katika Sunna ni kisomo na dua. Kumfunga mtoto kamba, kumfukiza moshi mpaka asivute pumzi, na kumpiga kwa hoja kwamba anayeumia ni jini, hayo hayakufundishwa na Mtume (S.A.W.). Mtoto anayepiga kelele usiku baada ya kuona nyumba yao ikiungua, mwanzo wa dhana uwe ni moto alioushuhudia. Msomee, kwa sauti ya upole, akikubali umuwekee mkono, kisha mpeleke kwa daktari. Kisomo hakikatazi tiba.

Wengine watasema: sisi tulipigwa na tumekuwa watu. Wengine watasema: mwenye imani hatikisiki. Kwa hao wa pili natosheka kuwakumbusha Nabii Yaaqub (A.S.), ambaye macho yake yalipofuka kwa huzuni hali ya kuwa ni Nabii, na Mtume wetu (S.A.W.) alivyotokwa na machozi kwa mwanawe Ibrahim. Kwa hao wa kwanza, sina hakika kama sote tumekuwa watu. Wengine walikwenda zao na hawakurudi kutuambia.

Swali la haki ni hili: tutayafanyaje haya bila ya wataalamu? Madaktari wa nafsi nchini ni wachache mno. Hapa nina habari njema. Watafiti walichukua watoto 640 waliofiwa na wazazi, huko Moshi kwetu Tanzania na Bungoma nchini Kenya, mjini na vijijini, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Waliowahudumia nusu ya watoto hao hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa na kusimamiwa, wakikutana na watoto kwa makundi wiki 12 pamoja na vikao vichache vya mtu mmoja mmoja. Katika sehemu tatu kati ya nne, watoto hao walipata nafuu kubwa zaidi kuliko wale waliopewa huduma ya kawaida. Katika sehemu ya nne, Moshi mjini, makundi yote mawili yalipata nafuu. Kama inawezekana kwa watu wa kawaida wa Moshi na Bungoma, inawezekana kwa walimu wetu wa madrasa, kwa sharti la kufundishwa na kuwa na mtu wa kuwasimamia. Kusoma makala moja au kuhudhuria mada ya leo hakumfanyi mtu kuwa mshauri. Kunamfanya, inshaallah, aache kuumiza.

Tusiwasahau na wenye kuhudumu. Siku zile za Septemba 2011, maiti zilipopangwa katika viwanja vya Maisara zitambuliwe na jamaa zao, walikuwepo watu wa misikiti hii waliojitolea kuosha na kukafini mchana na usiku. Mzee mmoja katika hao namjua. Tangu siku zile halali mpaka karibu na Alfajiri, na sisi vijana tulikuwa tukimsifu kwa kisimamo cha usiku. Miaka mingi ilipita kabla hajaniambia kuwa anaswali kweli, lakini hakuamka ili aswali. Anaswali kwa kuwa hawezi kulala. Hakuna aliyewahi kumuuliza hali yake. Wanaoosha maiti, wanaosikiliza kesi za ndoa, wanaopokea watoto walioharibiwa, wasiachwe kubeba peke yao. Wabadilishane zamu, na wawe na siku ya kukaa pamoja na kuzungumza.

Nimepewa saa moja na imekwisha. Nitasema jambo moja la msikiti huu huu, kwa kuwa wenyeji wamo. Chumba cha nyuma, ambamo kamati huwapokea wajane kila Jumamosi, ndimo linamohifadhiwa jeneza. Benchi la kukalia wanaosubiri limeelekezwa moja kwa moja kwenye jeneza hilo. Mama anakuja kuomba posho ya watoto, anakaa nusu saa, mbele ya macho yake kuna lile lile lililomtoa mumewe nyumbani wiki iliyopita. Tumepita chumbani humo miaka yote na hatukuliona, kwa sababu sisi hulitazama kama chombo cha msikiti.

Nimezungumza na imamu. Kule kwenye ghala la majamvi ipo nafasi. Ufunguo anao katibu. Leo baada ya Isha tutalihamisha. Jeneza lenyewe ni jepesi, ila kabati la sanda nalo litabidi litoke, na hilo linahitaji watu sita.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.